Kioo chake au cha kopi? Kusoma dalili za simu mtumba na simu iliyotoka kwa fundi

Ukisimama kwenye maduka ya simu pale Mwanga, Kigoma mjini, utasikia mnunuzi anauliza, "Hii ni orijino?" na muuzaji anajibu, "Orijino kabisa, kaka." Mara nyingi muuzaji huyo hadanganyi. Bodi ni ya kiwandani na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ni yake. Lakini kioo kilishapasuka kikawekwa cha kopi, betri imebadilishwa, na mfumo wa chaji umetolewa kwenye simu nyingine iliyokufa. Neno "orijino" linajibu kuhusu simu nzima, wakati simu hubadilishwa kifaa kimoja kimoja. Muulize hivi: nini kimebadilishwa, na kimewekwa cha aina gani? Kisha thibitisha jibu lake kwa dalili, maana simu yenyewe husema mengi.

Huku kwetu jambo hili lina uzito zaidi kuliko Dar es Salaam. Vioo na betri nyingi zinaagizwa Kariakoo, zinapakiwa kwenye basi na kupita Tabora kabla ya kutufikia. Kifaa kikiwa kibovu kinatakiwa kirudi njia hiyohiyo, na wauzaji wengi hawakipokei kikishapakwa gundi. Ndiyo maana vipimo vingi hapa chini ni vya kufanya kabla hujatoa pesa, au kabla fundi hajabandika.

Na tuelewane: kopi si wizi. Mtu mwenye simu ya bei ndogo ana haki ya kuweka kioo cha bei ndogo, na fundi anayemwambia ukweli anafanya biashara halali. Wizi ni kuuziwa kopi kwa bei ya orijino, au kupeleka simu yenye kioo chake cha kiwandani kubadilishiwa betri, ukarudishiwa ikiwa na kioo kingine.

Namba ya IMEI inasema nini, na haisemi nini

Bonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu 15. Simu ya laini mbili huwa na namba mbili. Tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ya kuhakiki simu. Hii ndiyo huduma iliyotangazwa kipindi simu bandia zilipozimwa nchini, tarehe 16 Juni 2016. Jibu likitaja simu tofauti na unayoishika, au likisema namba haitambuliki, usiendelee na biashara.

Wengi huishia hapo wakaridhika. IMEI inakaa kwenye bodi. Haijui lolote kuhusu kioo, betri wala kamera. Simu inaweza kufaulu 15090 huku karibu kila kitu kinachoonekana kwa nje si chake.

Kwa hiyo linganisha namba hiyo na iliyoandikwa kwenye boksi, na kwa simu nyingi pia kwenye stika ya nyuma au kwenye kitrei cha laini. Zikitofautiana, kuna maelezo matatu: kitrei kimebadilishwa, mfuniko umebadilishwa, au bodi imetoka kwenye simu nyingine. La kwanza ni dogo. La tatu ni kubwa, na linaweza kuwa na kesi ya wizi nyuma yake.

Kwa iPhone kuna mchezo wa kuvalisha. iPhone XR inavalishwa mfuniko wa iPhone ya Pro ya miaka ya karibuni, inawekwa lenzi za urembo nyuma, halafu inapandishwa bei. Ingia Settings, kisha General, kisha About, usome jina la modeli. Kisha fungua kamera uone kama ina ukuzaji wa lenzi tatu kweli. XR ina kamera moja tu ya nyuma, na hakuna mfuniko unaoweza kuiongezea.

Kioo hakionekani juani, au rangi nyeusi ina ukijivu

Hapa nitakaa, kwa sababu kioo ndicho kifaa kinachobadilishwa zaidi na ndicho chenye kopi nyingi zaidi sokoni.

Mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi alimpelekea fundi simu yake ya Samsung. Kijana alimwamkia kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kioo hiki nyumbani nakiona vizuri, nikifika mwaloni sioni hata ujumbe wa muamala. Mteja ananiambia ametuma, mimi naikinga simu kwa kanga nisome."

"Kilibadilishwa?"

"Kilibadilishwa. Kilianguka kwenye mtumbwi kikapasuka."

Fundi aliongeza mwangaza wa simu hadi mwisho, akafungua picha nyeusi tupu, akaiweka ndani ya droo na kuchungulia. Kioo kizima kiling'aa kijivu, kingoni zaidi kuliko katikati. Simu ile ilitoka kiwandani na kioo cha OLED, na ilikuwa imewekwa LCD.

Kwenye OLED kila nukta inawaka yenyewe, na penye rangi nyeusi nukta huzimika kabisa. Gizani, picha nyeusi kwenye OLED inapotea usijue kioo kinaishia wapi. LCD ina taa nyuma ya kioo chote. Taa hiyo inavuja hata picha ikiwa nyeusi. LCD za kopi huwa pia na mwanga mdogo kuliko kioo cha kiwandani, na ukiinamisha simu pembeni rangi hubadilika. Kwa mtu anayefanya kazi juani, mwaloni au gulioni, tofauti hiyo si ya urembo.

Sharti ni ujue simu yako ilizaliwa na kioo gani. Samsung A10 na A12 zilitoka kiwandani na LCD. iPhone XR na iPhone 11 ni LCD pia. Hizo zikionyesha ukijivu gizani hakuna aliyekuibia. Lakini Samsung A50, A51 au A54, na iPhone X, XS, au yoyote ya namba 12 kwenda mbele isiyo SE, zikionyesha ukijivu basi kioo kimebadilishwa na kimewekwa cha daraja la chini.

Kwa Samsung nyingi, bonyeza *#0*# kwenye sehemu ya kupigia. Itafunguka orodha ya vipimo: nyekundu, kijani, bluu, tachi, vihisi, spika. Jaza rangi moja moja uangalie madoa, mistari na vivuli vya maandishi ya zamani. Kivuli cha vitufe vya chini kilichoganda kwenye kioo ni dalili ya OLED iliyotumika muda mrefu. Kioo hicho kimechoka, lakini kuna uwezekano mkubwa ni chake.

Kwa iPhone, simu inajisema. Kuanzia toleo la 15.2 la iOS, mfumo unaoendesha iPhone, ndani ya About kuna sehemu ya Parts and Service History. Kwa iPhone 11 na kuendelea inaonyesha betri na kioo. Kwa 12 na kuendelea inaongeza kamera. Kifaa cha kampuni huandikwa Genuine Apple Part. Kisichotambulika huandikwa Unknown Part. Tangu iOS 18, kifaa halisi kilichotolewa kwenye iPhone nyingine kinaweza kuandikwa Used. Kama hakuna kilichobadilishwa, sehemu hiyo haionekani kabisa.

Kioo kisichotambulika kikiwekwa, onyo hukaa kwenye skrini ya kufungulia simu kwa siku 4 na kwenye ukurasa wa kwanza wa mipangilio kwa siku 15, kisha linahamia ndani ya About. Simu iliyobadilishiwa kioo mwezi uliopita haitakuonyesha onyo lolote usipoingia mwenyewe. Ingia.

Kuna wanaoangalia True Tone, ile inayorekebisha rangi za kioo kulingana na mwanga wa mahali ulipo: ikiwa imepotea kwenye simu iliyokuwa nayo, kioo kimeguswa. Hilo ni kweli. Lakini kuwepo kwake hakuthibitishi kitu, kwa sababu mafundi wenye mashine ya kunakili data za kioo huirudisha hata kwenye kopi.

Alama ya kidole imekataa baada ya kubadilisha kioo

Kwenye Samsung A50 na ndugu zake, kisoma kidole kiko chini ya kioo na kinahitaji kuona kupitia OLED. Ukiweka LCD, hakioni kitu. Fundi anaweza kukuambia "ni programu, itakaa sawa". Haitakaa sawa, na kuiflashi simu hakutasaidia. Kama alama ya kidole ilikuwa inafanya kazi kabla na imekufa siku ya kubadilisha kioo, ama kioo ni LCD, ama waya wa kisomaji haukuchomekwa. Mwambie afungue aangalie waya mbele yako. Ukiwa umekaa vizuri, umebaki na jibu moja.

iPhone za kitufe, kuanzia 5s hadi 8, zina habari yake. Kitufe kimefungwa na bodi yake tangu kiwandani. Kikibadilishwa, hakisomi kidole tena. Kwa simu hizo kidole kisichosajilika ni ushahidi kwamba kitufe au waya wake umeguswa.

Kioo kinajigusa chenyewe

Chomoa chaja kwanza. Tachi ikitulia, shida ni chaja au waya wa bei rahisi unaoingiza umeme mchafu, na kioo hakina kosa. Ikiendelea bila chaja, toa kava na stika ya kioo, futa unyevu, jaribu tena. Isipotulia hapo, ama ni kioo cha kopi, ama waya wa kioo umebanwa na betri iliyovimba. Tumia kipimo cha tachi kwenye *#0*#, au chora mistari ya polepole kutoka kona hadi kona kwenye programu yoyote ya kuchorea. Mstari ukikatika mahali palepale kila mara, hapo tachi imekufa.

Chaji inaruka, simu inapata moto, mfuniko umenyanyuka

Mfuniko au kioo kikinyanyuka, acha kuchaji. Betri imevimba. Usiitoboe, usiibonyeze irudi, usiitupe kwenye moto wa takataka. Haijalishi kama ni orijino au kopi, betri hiyo imekwisha.

Simu inayotoka asilimia 30 hadi kuzima ghafla ina betri iliyochoka au betri yenye maandishi ya uongo. Maandishi ya uongo ni rahisi kuyakamata kwa hesabu. Betri nyingi zimeandikwa vitu vitatu: mAh (ujazo wa betri), volti na Wh (nishati yote inayobeba). Zidisha mAh kwa volti, gawa kwa 1000, upate Wh. Betri ya mAh 5000 na volti 3.85 inatakiwa iandikwe 19.25 Wh. Stika ikisema mAh 5000 huku Wh ni 13, aliyeichapa alibadilisha namba moja akasahau nyingine. BL-5C, ile ya Nokia ndogo ambayo sasa iko kwenye redio kila kijiji, kiwandani ilitoka na mAh 850, 970 hadi 1020. Mwili wake haubebi mAh 3000, hata kama imeandikwa hivyo kwa rangi ya dhahabu.

Kwa betri iliyoko ndani ya simu usiyotaka kufungua, tafuta kipimaji kidogo cha USB kinachochomekwa kati ya chaja na waya. Maliza chaji mpaka simu izime, kisha ichaji ikiwa imezimwa hadi ijae, usome Wh zilizoingia. Zinatakiwa zizidi kidogo zile za stika, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kama joto. Ikijaa baada ya nusu tu, umeuziwa nusu betri.

Simu ikila chaji hata ikiwa imezimwa usiku kucha, usikimbilie kununua betri. Uwezekano mkubwa ni bodi inavujisha umeme, na betri mpya italiwa vilevile.

Kwenye iPhone angalia afya ya betri. Asilimia 100 kwenye simu iliyotoka 2019 maana yake betri imebadilishwa. Kwa XR, XS na zilizofuata, Parts and Service History itakuambia kama ni ya kampuni. Betri za iPhone 14 na kurudi nyuma zilitengenezwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 ya chaji. Za iPhone 15, mizunguko 1000, na simu yenyewe inaonyesha idadi ya mizunguko. Kwa Samsung, programu ya Samsung Members ina kipimo cha hali ya betri.

Nisisitize kwamba orijino nayo hupata hitilafu. Agosti 2007 Nokia yenyewe ilitoa tahadhari kuhusu BL-5C milioni 46 zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita, kwa sababu baadhi zilipata joto kupita kiasi wakati wa kuchaji. Betri halisi iliyokaa stoo miaka mingi inaweza kukushinda kabla ya kopi nzuri ya mwaka huu.

Chaji polepole, sauti haifiki, mtandao unakatika

Malalamiko haya matatu huja pamoja baada ya kubadilisha mfumo wa chaji, na watu huyapeleka kwa mafundi watatu tofauti. Kwenye simu nyingi za Android, tundu la chaji liko kwenye bodi ndogo ya chini. Bodi hiyohiyo hubeba maiki, na waya mwembamba wa antena hupita hapo.

Kwa hiyo, kama unaowapigia wanasema "sikusikii" tangu siku uliyobadilisha tundu, maiki ya bodi mpya ni dhaifu au tundu lake limezibwa. Rekodi sauti, sikiliza, kisha piga kwa kutumia waya wa masikioni wenye maiki. Sauti ikifika vizuri kwa waya, maiki ya chini ndiyo yenye shida.

Mtandao ukishuka tangu siku hiyo, mwombe fundi akague kama waya wa antena umebanwa vizuri pande zote mbili. Ni kazi ya dakika chache.

Na kama simu ilikuwa inaandika kwamba inachaji haraka na sasa haiandiki, jaribu kwanza kwa chaja na waya unaojua ni wa simu hiyo. Ikikataa bado, bodi ndogo iliyowekwa ni kopi isiyo na sehemu ya kuchaji haraka. Simu haitakufa kwa hilo, ila ulipaswa kuambiwa na bei ilipaswa kushuka.

Kamera na nafasi

Kamera: piga picha ukurasa wenye maandishi madogo karibu, kisha kitu cha mbali. Ikishindwa kuiweka picha wazi, au picha ikitetemeka na kutoa mlio, kamera imebadilishwa au imeanguka sana. Vumbi au alama ya kidole ndani ya lenzi inaonyesha simu imefunguliwa.

Nafasi: simu mpya ya bei ya kutupa inayodai GB 512 ni ya kutiliwa shaka. Mipangilio inaweza kuchapwa uongo. Nakili video nyingi hadi zipite GB unazozitilia shaka, kisha fungua za mwisho. Zisipofunguka, nafasi hiyo haipo.

Kabla hujamkabidhi fundi simu yako

Hapa ndipo mnyonge anapoibiwa, na ndipo kinga ni rahisi zaidi. Piga picha ya kioo kikiwa na rangi nyeusi gizani, ukurasa wa About, IMEI, na asilimia ya afya ya betri kama simu inaionyesha. Mwambie fundi kwa heshima, "Naomba ufungue nikiwepo." Fundi mzuri hakasiriki, wengine wanakupa hata kiti.

Kioo kipya kichomekwe kwanza kwenye bodi bila gundi, simu iwashwe, upime rangi, tachi, kidole na mwanga. Ukiridhika, ndipo kibandikwe. Anayekataa hatua hii ana kitu anachokijua kuhusu kioo hicho.

Kisha omba kifaa chako cha zamani. Wengi wanakiacha wakidhani ni takataka. OLED ambayo imepasuka glasi ya juu tu, huku picha na tachi vinafanya kazi, ina soko: wenye mashine huondoa glasi, hubandika nyingine, na kioo kinauzwa tena kama orijino. Kama chako kiko hivyo, uliza kwanza kama kuna fundi wa kubadilisha glasi pekee, hata ikibidi simu isafiri hadi Tabora au Dar. Utabaki na kioo chako cha kiwandani. Na kama unabadilisha kioo kizima, kile cha zamani kiwe chako au kipunguze bei.

Jua pia kwamba simu isiyoingiza maji ikishafunguliwa, usiamini tena muhuri wake. Usiipeleke ziwani kwa kujiamini.

Risiti

Iandikwe IMEI, kifaa kilichowekwa, daraja lake kwa maneno wazi, yaani cha kampuni, kilichotolewa kwenye simu nyingine, au kopi, pamoja na siku za dhamana na kinachovunja dhamana. "Kubadilisha kioo" peke yake haitoshi, kwa sababu ukirudi kulalamika hakuna kilichoahidiwa. Kwa maandishi hayo unaweza kudai mbele ya Mahakama ya Mwanzo. Na kama ni duka linalouza bidhaa bandia zenye nembo ya kampuni, Tume ya Ushindani ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa. Risiti za mashine huchapwa kwa joto na wino wake hufifia haraka kwenye jua letu, kwa hiyo ipige picha siku hiyohiyo na umtumie mtu mwingine nyumbani aitunze.